Namtafuta bi mkubwa wa Somanga aliyetuhifadhi na mgonjwa barabara ilipokatika. Nina kanga yake

#1 MwanaMkuti

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hakuna kesi.

Namtafuta mwanamke mmoja wa Somanga, wilaya ya Kilwa, palepale mabasi ya kusini yanaposimama watu wanunue samaki. Jina lake silijui. Nilikaa kwake siku nne au tano, nikamwita "bi mkubwa" tangu saa ya kwanza, na nilipokwisha kula ugali wake siku ya pili nikaona haya kuanza kuuliza jina. Anauza samaki wa kukaanga. Mrefu, mtu wa makamo, anatembea kama anakwenda kudai. Nina kanga yake, upande mmoja, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Nataka kuirudisha, na yapo maneno nataka kumwambia.

Kisa chenyewe ni hiki.

Mama yangu alianza kutokwa damu mwaka 2022, miaka kadhaa baada ya kukoma hedhi. Hakusema. Mwanamke wa Kiyao wa miaka 61 akuambie wewe mwanawe wa kiume kwamba anatokwa damu huko? Alimwambia dada yangu kwa mafumbo, dada akampeleka kituo kimoja cha afya, wakampa dawa za UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Wakampa tena. Na tena. Mara ya nne ndipo daktari mmoja kijana akampandisha kitandani akamwangalia, akaandika rufaa siku hiyohiyo. Kinyama kikachukuliwa, majibu yakatoka Novemba 2023: saratani ya mlango wa kizazi. Januari 2024 tukawa Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar.

Wanaopajua wanalijua lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Mama alipapenda, msinicheke. Alisema hajawahi kukaa mahali penye upepo mzuri namna ile. Alipigwa mionzi, damu ikapungua, sisi tukaanza kuongea habari za kupona. Kabla ya hapo alikuwa ameishiwa damu, tukaambiwa tutafute wachangiaji. Ndugu zangu wa Dar, ambao harusi zao nimechanga zote, mmoja alikuwa na mafua, mwingine yuko safarini Morogoro, mwingine simu haipatikani. Waliochangia ni vijana watatu wa kijiwe cha bodaboda karibu na ninapokaa, ambao mimi nilikuwa nawasalimia kwa kupiga honi tu. Mmoja alirudishwa kwa sababu uzito wake haukufika kilo 50. Akaudhika kweli! Akaenda kumleta shemeji yake.

Aprili miguu ikaanza kuvimba na mkojo ukawa haba. Daktari akanichorea nyuma ya karatasi: figo mbili, mirija miwili, na uvimbe umeibana yote miwili huku chini. Akaniambia taratibu, "Kaka, mpeleke nyumbani wakati bado anaweza kukaa kwenye basi."

Kikao kikafanyika kwa simu. Kwetu Wayao mjomba ndiye mwenye mbumba, dada zake wako chini ya mkono wake, kwa hiyo yeye ndiye mwenye neno. Mjomba akasema aletwe haraka, yuko mtaalamu Tunduru. Kaka yangu aliyeko Mwanza akasema tuuze mikorosho yote apelekwe India. Dada akasema dua zinasomwa, tusikate tamaa. Hawakuelewana hata kwa jambo moja, ila hili moja tu: mama asiambiwe.

Nikipumzika nitaendelea.

#2 Kapuku Mstaarabu

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa.

#3 dadaWaKimara

Hilo la ndugu kutopatikana siku ya kuchangia damu limenigusa penyewe. Siku ya msiba wanapatikana wote, na sahani wanashika wenyewe. Tiririka mkuu.

#4 Fundi Saa

Chai hii. Basi gani linapakia mgonjwa mahututi kwenda Masasi?

#5 Mzee wa Pantoni

Fundi Saa, wewe hujasafiri kusini. Sisi wa zamani, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tulikuwa tunavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Masika ikichachamaa unakaa ng'ambo siku nyingi, unga unaisha, mnaanza kujuana mpaka koo za watu. Nimewahi kuona mtoto anazaliwa kwenye foleni ya magari. Mgonjwa ndani ya basi la kusini ni kitu cha kawaida mno, kwa sababu wagonjwa wetu wengi hurudi nyumbani kwa njia hiyohiyo waliyokuja nayo. Gari la wagonjwa kutoka Dar mpaka Masasi unajua gharama yake?

Endelea mwanangu.

#6 MwanaMkuti

Asante mzee. Fundi Saa, hata mimi ningeona chai.

Tulitoka Mbagala Rangi Tatu Jumamosi tarehe 4 Mei 2024. Mtakumbuka, ndiyo siku ya kimbunga Hidaya. Kuanzia Ijumaa redio zilikuwa zinatangaza. Niliogopa, lakini mama alikuwa ameshaanza kulala mchana, na nilichokuwa nakiogopa zaidi ya kimbunga mnakijua. Mke wangu ana mtoto wa wiki tatu, hawezi kusafiri. Nikasafiri na mama peke yangu.

Sasa hapa naomba mnivumilie, nitasema mambo ambayo mtoto wa kiume hasemi. Ugonjwa ule una harufu. Hata umwogeshe vipi, harufu inatoka. Na mimi ndiye niliyekuwa nambadilisha nguo tangu mke wangu ajifungue. Mama alikuwa anafunika uso wake kwa mtandio ninapofanya kazi ile. Uso wake yeye. Hakuwahi kusema neno.

Tulipopita Kibiti mvua ilikuwa imeziba vioo vyote, madirisha yamefungwa, abiria mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Humu ndani kuna mtu kabeba samaki waliooza?" Nilitamani basi lipinduke. Mama alikuwa macho, alisikia. Kijana mmoja wa Newala, aliyekuwa anawapelekea wazazi wake runinga, akafungua dirisha lake akasema, "Samaki ni wangu, samahani jamani." Akakaa pale analowa mvua kutoka Kibiti. Runinga ameipakata. Hakuniangalia hata mara moja, sijui kama mnanielewa, HAKUNIANGALIA ili nisione haya.

Tulifika Somanga giza limeshaingia. Dereva akasema hasogei. Alfajiri ikaja habari kwamba barabara mbele imekatika, maji yameondoka na tuta. Magari yakaanza kupangana nyuma yetu mpaka huoni mwisho. Watu wakatafuta pa kujishikiza: msikitini, kwenye vibanda, chini ya malori.

Mama alikuwa amelowa na anatetemeka. Yule kijana wa Newala akatoa runinga ndani ya boksi, boksi akalichana, akalitandika kwenye baraza ya banda la samaki, tukamlaza mama juu yake. Ndipo akaja huyu bi mkubwa. Ni banda lake. Nilianza kuomba radhi, nikamwambia mgonjwa wangu ana, ana... Akanikatisha, "Nimesikia harufu tangu kule barabarani. Dada yangu alikuwa nayo. Mnyanyue."

Alitupa chumba cha binti yake. Yule binti akahamia jikoni. Dakika kumi hazikupita akaingia na beseni la mkaa usiowashwa, akalisukuma chini ya kitanda. Akawasha udi kidogo mlangoni. Akaniambia, "Wewe toka. Hii kazi si yako tena." Nikatoka nje kwenye mvua nikalia kama mtoto, na sikuwa nimelia tangu Januari.

Mtandao unakatakata. Kesho.

#7 Sista Zamu ya Usiku

Mleta uzi, pole. Mimi ni muuguzi, nipo kwenye tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na huyo bi mkubwa anajua kazi kuliko baadhi ya waliosomea. Mkaa mkavu chini ya kitanda hunyonya harufu, tunawafundisha ndugu kila siku. Kwa kidonda chenyewe tunasaga vidonge vya metronidazole kuwa unga, tunanyunyiza. Ni dawa ya bei ndogo, na mgonjwa anaweza kukaa tena na wajukuu zake. Wengi wanafichwa chumba cha nyuma miezi mitatu kwa kukosa kitu cha bei ya soda. Muulizeni daktari wenu, msione aibu.

Nina swali. Maumivu mliyadhibiti na nini huko njiani? Mlikuwa na morfini?

#8 MwanaMkuti

Tulikuwa nayo, sista. Chupa ya maji, ile chungu. Mimi mwanzoni nilikuwa namnyima. Nilisikia morfini ni madawa ya kulevya, atakuwa teja, na kwamba ukishapewa ile ndiyo basi tena. Kwa hiyo nilikuwa nasubiri mpaka apige kelele ndipo nimpe. Muuguzi mmoja wa Dar alinikalisha chini akanifundisha saa: 12 asubuhi, 4 asubuhi, 8 mchana, 12 jioni, halafu saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili alale mpaka asubuhi. Anaumwa haumwi, mpe. Nikagundua kumbe siku zote zile nilimtesa mama yangu kwa ujinga wangu. Hilo bado linaniuma.

#9 Sista Zamu ya Usiku

Usijitese. Kila familia inaanza hapohapo. Mwenye maumivu makali ya saratani akinywa kwa kipimo cha daktari, dawa inakutana na maumivu, hageuki teja. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na pengine kutapika, halafu mwili unazoea. Kinachobaki ni choo kigumu, na hicho hakizoeleki, kwa hiyo lazima apewe na dawa ya kulainisha choo. Na kwa wengine mnaosoma: figo zikichoka kama za mama huyu, morfini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, daktari hupunguza kipimo au huachanisha saa. Msiongeze wala kupunguza wenyewe.

Wenzetu Uganda tangu 2004 wameruhusu wauguzi waliosomea fani hii kuandika morfini. Sitasema zaidi, nina bosi.

#10 Bint wa Muscat

Nasoma huu uzi nipo kazini, nimejifungia msalani.

Baba yangu alifariki Tanga mwaka juzi, saratani ya koo la chakula, alifika hatua hata uji haupiti. Mimi nipo huku Oman nalea baba wa watu. Nampa uji kwa kijiko baba wa watu, namfuta mdomo, namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, halafu usiku napiga simu kwetu kuuliza nani kamgeuza baba. Alikuwa anageuzwa na kijana wa jirani, fundi baiskeli. Alikuja kila siku asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake. Nilimtumia hela, akairudisha. Nikamtumia tena, akaniandikia ujumbe: "Dada, ukituma tena nitaacha kuja." Nikaacha.

Mwambie huyo bi mkubwa, ukimpata, salamu zangu pia.

#11 Fundi Saa

Sawa ni kisa kizuri lakini mwisho wake mtaona, itakuja namba ya M-Pesa.

#12 MwanaMkuti

Fundi Saa, haiji. Ikija uniite tapeli hadharani. Naendelea.

Siku zile Somanga nilipoteza hesabu. Asubuhi nilikuwa natoka kwenda kuangalia barabara kama watu wote, narudi. Mitambo ikaja, viongozi wakaja, vifusi vikamwagwa. Samaki walipanda bei kila mahali isipokuwa kwenye banda la bi mkubwa. Akina mama wenzake wakamsema kwamba anawaharibia biashara. Siku ya tatu niliwasikia wakigombana kweli kweli, na yeye amejifunga ile kanga ya HASIDI HANA SABABU, anawaonyesha kwa kuwageuzia mgongo. Mama aliyaona yote kupitia dirishani. Alicheka, wakuu. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Huyu kanga zake anazivaa kwa ratiba."

Saa za dawa tulizishika kwa adhana. Ya alfajiri ikiita najiandaa na chupa, ya magharibi hivyo hivyo. Saa 4 usiku bi mkubwa mwenyewe alikuwa ananikumbusha kwa kugonga ukuta. Aliniletea na papai, akasema, "Hii dawa inafunga, mpe."

Usiku mimi nilikuwa nalala barazani na yule kijana wa Newala na runinga yake tumeifunika turubai. Nilikuwa nasikia sauti za wanawake wawili ndani wanaongea. Wanaongea, wananyamaza, wanaongea. Mama ambaye kwetu alikuwa amekwishakuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", kule ndani alikuwa anapiga soga kama msichana. Niliona wivu, sitawaficha.

Asubuhi ya kuondoka, gari limeshawashwa, bi mkubwa akanivuta kando ya karai lake la mafuta. Akaniambia mambo matatu, anahesabu kwa vidole vyenye magamba.

La kwanza: "Mama yako anajua. Anajua tangu Januari. Alimwona daktari anavyokuangalia wewe. Anasema mnamficha ugonjwa wake mwenyewe kama vile ameuiba."

La pili: asizikwe kwa baba. Azikwe kwao Chiungutwa, kando ya mama yake. Hakuweza kuwaambia watoto wa baba.

La tatu: ana deni. Shilingi 35,000 za mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, alipokea zamu yake akaugua kabla ya kurudisha. Mwanamke wa soko la Mkuti, muuza dagaa, ana kovu shavuni. Mama alikuwa anaamka usiku kwa ajili ya deni lile. Sisi tunadhani ni maumivu, tunaongeza mto.

Nikamuuliza, kwa nini hakuniambia mimi? Akasema, "Wewe angekuambia ungelia. Mimi sikulia, niliuliza tu shilingi ngapi."

Nilitoa elfu hamsini nimpe. Akaitazama ile hela. "Sasa nikiipokea nitakuwa nimeuza nini?" Akavua kanga aliyojitanda, akamfunika mama kwenye siti kwa sababu upepo ulikuwa mkali. Basi likaondoka. Upande mmoja umebaki kiunoni kwake.

Kutoka pale mpaka Nangurukuru sikusema. Tulipokaribia Mingoyo nikamwambia mama, deni la muuza dagaa nitalilipa kesho. Hakushtuka. Akasema, "Na Chiungutwa?" Nikasema na Chiungutwa. Akalala.

Tulifika Masasi. Mjomba alikuwa na yule mtaalamu wake kibarazani kabisa. Mama mwenyewe akamwambia, "Kaka, mlipe nauli yake arudi." Hakuna aliyebisha. Kaka yangu akaja kutoka Mwanza, mikorosho ipo mpaka leo. Mama alikaa nyumbani wiki moja na ushei, na wiki ile tuliongea kila kitu. Alimgawia dada vyombo vyake kimoja kimoja. Alinifundisha nani anatudai na nani tunamdai. Siku za mwisho akawa analala tu, sista ameshaeleza habari ya figo, hakulalamika maumivu. Alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024. Amezikwa Chiungutwa. Upande wa baba walinuna, mjomba akasimama akasema ndilo neno la marehemu. Muuza dagaa alikuja msibani na zile 35,000 nilizomlipa, akazitumbukiza kwenye kikapu cha rambirambi.

Kanga ilikuwa juu yake muda wote ule. Waoshaji walitaka kuichukua kama ilivyo desturi, dada akawaambia ile si ya marehemu, ni amana.

Ndiyo hiyo ninayo. Nimepita Somanga mara mbili tangu wakati ule, basi halikusimama mara ya kwanza, mara ya pili banda halipo, niliambiwa mabanda yamehamishwa upande wa pili wa barabara na hakuna aliyejua namzungumzia nani. "Bi mkubwa muuza samaki" Somanga ni kama kusema "kijana wa bodaboda" Dar.

#13 dadaWaKimara

Nimelia kwenye mwendokasi, watu wananiangalia.

#14 Mtoto wa Likoni

Pole ndugu. Sisi huku Mombasa tuliuguza mamangu miezi mitano, na yale ya kuficha tuliyafanya vilevile. Ndugu zangu waliwaambia madaktari wasimwambie. Siku moja nyanya mmoja wa kitanda cha pili akamwuliza mbele yetu sote, "Mwenzangu, yako imefika wapi?" Mamangu akajibu, "Imefika kwa ini." Sisi tumesimama pale na mandazi mikononi. Hatukujua kama anajua hata neno lenyewe.

Wagonjwa huambiana. Sisi ndio hutoka nje tukanong'ona.

#15 Fundi Saa

Nimesoma yote. Mkuu nisamehe. Mimi baba yangu yupo ndani hapa, saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa, na hatujamwambia. Labda ndiyo maana nilikuwa naleta maneno. Sista, unaanzaje kumwambia mtu?

#16 Sista Zamu ya Usiku

Fundi Saa, usianze kwa kumwambia. Anza kwa kumuuliza: "Baba, wewe unauonaje huu ugonjwa?" Halafu nyamaza. Nyamaza kweli, usijaze kimya kwa habari za Yanga. Mara nyingi ataongea yeye. Akisema hataki kujua, hiyo nayo ni haki yake, mwachie. Na kama mifupa inamuuma usiku, usingoje kliniki ijayo.

Nimepata PM nyingi za akina dada. Nazijibu kwa mkupuo mmoja: damu baada ya kukoma hedhi, damu baada ya tendo, uchafu wenye harufu usioisha, hiyo si UTI mpaka umeangaliwa kwa macho. Uchunguzi wa siki unafanyika kwenye vituo vingi, muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, penye dalili panageuka weupe, dakika chache umetoka. Na wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, ipo, ilianza nchi nzima 2018 kwa wa miaka 14, sasa ni dozi moja tu. Haizuii mtoto kuzaa, aliyewaambia hivyo anawadanganya.

#17 Kapuku Mstaarabu

Wakuu tusiache uzi ufe. Nani yupo Kilwa?

#18 Mzee wa Pantoni

Mimi nina mjukuu anaendesha lori la saruji njia hiyo. Nimempa maelezo: mrefu, sauti, kanga ya Hasidi. Amesema kwa maelezo hayo Somanga kuna wanawake arobaini.

#19 Njia ya Nangurukuru

Mimi ni kondakta, sitataja basi. Nasimama Somanga karibu kila siku. Nipeni siku mbili tatu.

#20 Njia ya Nangurukuru

MwanaMkuti, upo?

Nilianza na wale wanaouza stendi, hakuna kitu. Leo nikawauliza mbele ya watu, nani hapa alipigana na wenzake wakati wa mafuriko kwa sababu ya kutopandisha bei. Wakacheka wote kwa pamoja, wakanionyesha kidole mama mmoja yuko pembeni anapara samaki. Hauzi tena kwenye banda, mguu unamsumbua, binti yake ndiye anakaanga sasa.

Nikamsomea uzi wako kwenye simu, siyo wote, abiria walikuwa wananipigia kelele. Alisikiliza huku anapara. Hakusema kitu mpaka nilipofika kwenye deni. Akauliza, "Kwa hiyo lililipwa?" Nikasema lililipwa. Akasema, "Haya."

Nikamwambia mama, mtandaoni watu ni waongo, nipe kitu cha kumhakikishia huyu kijana kwamba ni wewe. Akasema mgonjwa wake aliomba supu ya pweza saa 8 za usiku, ikabidi aamshe mvuvi. Akanywa vijiko vitatu, akasema chumvi imezidi.

#21 MwanaMkuti

Ni yeye.

Hilo la pweza sikuliandika hapa. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata dada. Mimi ndiye niliyeshika bakuli.

Mkuu, naomba unifikishie kanga. Kesho naileta Rangi Tatu niikabidhi kwenye basi lako, na kibahasha kidogo cha mguu wake.

#22 Njia ya Nangurukuru

Nilimuuliza kabla hujasema. Amekataa. Anasema kanga haipandi basi peke yake. Uilete mwenyewe, uje na yule mtoto ambaye alikuwa wa wiki tatu, amwone. Bahasha usije nayo. Na anasema usile njiani.

#23 Fundi Saa

Mkuu unaenda lini? Nataka kukupa kitu kidogo umpelekee, siyo hela. Baba ameongea jana usiku.

#24 MwanaMkuti

Jumamosi, basi la saa 12 asubuhi. Niko na mke na mtoto, siti tatu za kushoto. Njoo Rangi Tatu saa 11 na nusu, nitakuwa nimeshika kanga mkononi.